Kibuyu cha Samli na Pomboo wa Kizimkazi

Ndugu zangu wa mtaa wa Saio, na nyinyi wazee wenzangu wa kanisa,

Tangu tuliporudi, mimi na mke wangu hatujapata jioni moja bila mtu kupiga hodi na kuuliza kule kulikuwaje. Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila nikisimulia Mama Furaha ananisahihisha kutoka jikoni. Kwa hiyo nimeandika, mara moja tu, kutoka mlango wa nyumba yetu mpaka kwenye maji ya chumvi na kurudi. Mambo ya pasipoti na tiketi nayaacha. Hayajamfurahisha mtu yeyote, hata sisi wenyewe.

Kwanza niseme tulikwenda kufanya nini, maana wengine walidhani uzee umetushika na tumeanza kutalii. Mnamjua binti yetu Furaha. Alisoma mambo ya wanyama Kisangani, akapata nafasi ya kuendelea na masomo kisiwani Unguja, kisha akabaki huko. Kazi yake ni kuwatunza pomboo, wale wanyama wakubwa wa baharini wanaopumua hewa kama sisi, na kuwapeleka wageni kuwaona asubuhi na mapema. Hapa mtaani maneno hayakukosekana. Walisema binti wa Mwalimu Danieli amesoma miaka yote hiyo ili akachunge samaki.

Katika ukoo wetu, sisi tuliotoka malishoni kule Irumu, mtoto akikaa mbali muda mrefu wazee humtuma mtu mmoja kwenda kumwona. Mtu huyo hupewa kibuyu cha samli ya ng'ombe wetu, mdomo umezibwa kwa nta. Akikuta mtoto anaishi vema na kazi yake ni ya kweli, anavunja nta na kumpaka mtoto samli mikononi. Hiyo ndiyo baraka ya ukoo, na mtoto yuko huru kukaa. Akikuta mambo si mazuri, hakifungui. Anakirudisha kimezibwa, na mtoto ajue anatakiwa nyumbani. Maneno mengi hayahitajiki.

Kaka yangu mkubwa, Yosefu, ambaye ndiye kichwa cha ukoo, alikuwa tayari amezungumza na prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari hapa Bunia. Nafasi ya kufundisha biolojia ilikuwa inamngoja Furaha. Siku ya kutukabidhi kibuyu Yosefu aliniambia, "Ukirudisha kimejaa, nitaenda kwa prefe kumwambia mutoto anakuya. Ukirudisha kitupu, nitanyamaza. Lakini uangalie na macho ya muzee, usiangalie na macho ya baba."

Hayo macho mawili niliyabeba safari nzima, na yalikuwa mazito kuliko mizigo.

Kushuka Kasenyi

Gari tulilopanda lilikuwa la wachuuzi wa samaki, wanaoteremka ziwani na ndoo tupu. Tulipita Bogoro vizuri, tukimshukuru Mungu, mpaka tulipokuta lori limelala katikati ya tope la mvua ya usiku, na nyuma yake foleni ya pikipiki na wanawake wenye vikapu. Hapakuwa na njia ya pembeni.

Nilikaa juu ya jiwe nikafungua Zaburi. Mama Furaha alifungua sufuria ya makemba, zile ndizi za kupika, na maharage aliyopika jana yake, akaanza kuwagawia watu asiowajua, jambo ambalo huwa linamletea marafiki haraka kuliko Zaburi zangu. Dereva wetu, akiwa na tope mpaka magotini, alinitazama akasema, "Muzee, weye unasoma tu. Omba basi hii kamyo itoke."

Nilimwambia kuomba na kusukuma ni mapacha. Nikafunga kitabu, nikakunja suruali, nikasukuma pamoja na vijana. Lori halikutoka kwa sababu yangu, lakini lilitoka, na dereva aliniita Pasta mpaka tunafika ziwani, ingawa mimi si pasta.

Kibuyu hakikushuka garini. Mama Furaha alikipakata kama mtoto aliyelala, na mtu yeyote aliyetaka kumsaidia kukishika alijibiwa kwa adabu kwamba hakina uzito.

Ziwani

Mnajua desturi ya wasafiri wa Kasenyi. Mtumbwi wa motori hauachi ufuko kabla mtu mmoja hajaomba. Siku ile aliomba mama mmoja mchuuzi wa dagaa, naye alimkabidhi Mungu motori, kila ubao, mwenye usukani, kila abiria, na mwisho samaki wenyewe ili wasikasirike. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyeketi karibu nami aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mimi. Hivyo ndivyo tunavyovuka kwetu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali watu huingia majini bila kufanya hivyo. Mtaona kwa nini nalisema.

Katikati ya maji nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa akitusimulia jinsi babu zake walivyovuka ziwa hili hili kwenda Kibiro kutafuta chumvi ya ng'ombe. Ng'ombe asiye na chumvi, alisema, ni kama mtu asiyesalimiwa. Akirudi malishoni alikuwa akiweka chumvi kidogo kwenye kiganja, anakaa chini, anatazama pembeni, na ng'ombe mwenyewe anakuja. Sikujua kwamba nitamwona tena baba yangu mbele ya safari.

Ng'ambo, Ntoroko, lugha ya watu wa pale ni jirani sana na ile ya mama zetu. Mke wangu alipata samaki wa kukaanga na ushauri wa barabara kwa lugha ya bibi yake, na mimi na Kiswahili changu nikawa mgeni wake.

Kampala, Mutukula, na dawa isiyochimbwa

Kampala palinifundisha unyenyekevu wa aina nyingine. Nilimsemesha muuza ndizi kwa Kiswahili, akasimama wima, akaniuzia haraka bila kubishana. Kijana aliyekuwa karibu alituelezea, akicheka, kwamba wazazi wao walikijua Kiswahili kama lugha ya askari. Mama Furaha alisema laiti angejua, angevaa kofia.

Mpakani Mutukula, upande wa Tanzania, afisa mmoja wa kike alikitaka kibuyu kifunguliwe. Alikuwa na haki yake, na foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Nilimweleza kwamba nikikifungua pale, safari yetu imekwisha na hukumu ya mtoto wangu imetolewa na mtu asiyemjua. Nilimsimulia desturi yote, na watu wa foleni wakaacha kulalamika wakasikiliza.

Alikichukua, akakinusa kwenye nta, akakinusa tena.

"Hiki kimefukizwa moshi," akasema. "Bibi yangu Karagwe alifukiza hivi hivi." Akamrudishia mke wangu kwa mikono miwili. "Nenda nacho, mama. Na huyo binti mumwangalie kwa huruma."

Ndani ya basi la Dar es Salaam nilikaa karibu na bwana mmoja mnene, mcheshi, fundi wa vyuma. Aliposikia tumetoka Kongo aliniomba nimwimbie rumba. Nilimwambia miaka yangu yote nimeimba kanisani tu. Alisema Mkongo hawezi kukosa wimbo, hiyo ni dhambi. Basi nikamwimbia tenzi moja kwa sauti ya pili, taratibu, na kufika ubeti wa tatu nusu ya basi ilikuwa inaitikia. Alikubali kwamba si rumba, lakini inachezeka.

Vijana wa Tanzania wana heshima kubwa. Kila mmoja aliniambia shikamoo, na mimi, nisiyezoea, nilijibu asante, Mungu akubariki, kisha nikashangaa kwa nini bado anasimama ananitazama. Fundi wa vyuma ndiye aliyenifundisha kusema marahaba. Baada ya hapo nilikuwa namsubiri mtu anisalimie.

Jambo la mwisho la barabara ile siwezi kuliacha, ingawa mke wangu ameniomba. Mbele ya Singida kondakta alisimamisha basi porini akatangaza kwamba tunachimba dawa. Mama Furaha, ambaye mnajua anavyopenda mitishamba, alifurahi sana kuona nchi inayojali mizizi kiasi hicho. Alichukua kisu kidogo cha kumenyea, akashuka wa kwanza, akauliza kwa sauti dawa yenyewe ni ya ugonjwa gani. Wanawake walimchukua kwa mkono kwenda naye vichakani, na niliwasikia wakicheka mpaka machozi. Kumbe kule ndivyo wanavyosema mtu anapokwenda kujisaidia. Alirudi na kisu chake, hakusema neno mpaka Dodoma.

Unguja

Boti ya kuvuka kutoka Dar ilinitikisa mpaka nikamkumbuka Yona kwa huruma mpya. Mama Furaha hakuumwa hata kidogo. Alikula andazi mbele yangu.

Furaha alikuwa bandarini. Alikuwa amepungua mwili na kukolea jua, amejifunga kitambaa kichwani, na alitukumbatia akilia na kucheka. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya mama yake yakaona kibuyu. Hakuuliza. Amekua akiisikia habari ya kibuyu hiki, na aliijua nta. Alichukua mizigo mingine yote, kibuyu akakiacha.

Gari lilitupeleka kusini mwa kisiwa, kijiji cha Kizimkazi, ambako amepanga vyumba viwili karibu na ufuko. Majirani walijaa. Walituletea wali wa nazi, samaki wa kupaka, na pweza, ambaye nilimtazama muda mrefu kabla ya kumwombea na kumla. Alikuwa mtamu. Alikuja pia nahodha wa boti yao, Makame, mtu wa makamo mwenye ndevu fupi na maneno ya mzaha. Aliona kibuyu juu ya meza, akauliza kama ni samli, maana harufu yake anaifahamu na chapati zimeshaiva. Furaha akamjibu kabla yangu.

"Hiyo si ya kula, Kapteni. Hiyo ni kesi."

Alisema akitabasamu, lakini usiku ule nilimsikia chumbani kwake akitembea.

Asubuhi ya pomboo

Tulitoka kabla jua halijachomoza. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, tukatembea juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo kama paji la uso la mzee, tukaingia botini na miguu imelowa. Wageni walikuwa watatu: bwana mmoja mfanyabiashara wa Dar es Salaam na mkewe, waliooana karibuni, na mzungu mmoja mzee mwenye kamera kubwa, ambaye hakusema lolote siku nzima ila asante.

Makame aliwasha mashine. Nilishtuka, maana hakuna aliyeomba. Nikasimama, nikavua kofia, nikawaambia tufumbe macho. Nikaomba kama tunavyoomba Kasenyi. Nilimkabidhi Mungu mashine, ubao, nahodha, upepo, bwana na bibi harusi, mgeni wetu wa mbali, na roho zetu ikiwa ametuita leo. Nilipofumbua macho, bibi harusi alikuwa amemshika mumewe kwa mikono yote miwili.

"Kwani kuna hatari gani leo?" aliuliza. "Mbona hatukuambiwa?"

Makame alimtuliza. Alisema mzee anatoka Kongo, na kule kila safari ni ya mwisho mpaka urudi. Kisha akaniambia, "Dua yako nzuri, mzee wangu, lakini petroli nayo ilikuwa inasikiliza. Nusura iishe kabla ya amina." Naye akasoma dua yake, fupi, viganja juu, nikaitikia amina kwa sauti kubwa, kama yule Mwislamu wa ziwani alivyonifanyia mimi.

Tulipofika mahali penyewe, boti nyingine zilikuwa zimeshafika. Mtu mmoja alipiga kelele, "Wale pale," na boti zote zikageuka na kuunguruma kuelekea upande huo, watu wakiruka majini. Nilichoona mimi ni migongo miwili myeusi, kisha povu, kisha hakuna kitu. Muda kidogo wakaonekana mbali zaidi, na boti zikawakimbilia tena.

Furaha aliinua mkono. "Zima mashine, Kapteni."

Makame alizima. Tukabaki tunayumba taratibu mahali pasipo na chochote, na wenzetu wakazidi kwenda mbali.

Bwana wa Dar alivumilia kidogo, kisha uvumilivu ukamwisha. Alimwambia Furaha kwamba wenzake wanawafuata, na sisi tumekaa kama watu wanaongoja kivuko. Alisema kama hajui kazi aseme, wahamie boti nyingine. Hata Makame alishika tena kamba ya mashine, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, tusogee kidogo tu. Wageni watanuna."

Nitasema ukweli wa moyo wangu wa saa ile. Niliona haya. Macho ya mzee yalimwona msichana aliyesomeshwa na ukoo mzima amekaa juu ya maji matupu, na samaki anaowachunga hawapo. Nilikiona kibuyu kikirudi Saio kimejaa.

Furaha hakupandisha sauti. Alimwambia yule bwana kwamba pomboo huwinda usiku, na asubuhi ndiyo saa yao ya kupumzika. Katika kundi lile kuna mama mwenye mtoto mchanga. Boti zikiwakimbiza, mtoto anachoka na kumpoteza mama yake.

"Ukimfukuza, unauona mgongo wake," alisema. "Ukimngoja, anakuja kukuona weye."

Kisha akaketi kwenye ncha ya mbele ya boti, mikono juu ya magoti, uso ameugeuza pembeni kidogo, kama mtu asiyetafuta kitu.

Mke wangu alinigusa goti. "Muangalie," akaninong'oneza. "Anakaa sawa na baba yako."

Nikaangalia. Mgongo ule, mabega yale yaliyolegea, macho yale ya pembeni. Ni marehemu baba na kiganja cha chumvi, akimngoja ng'ombe mwenye ndama. Hakumfuata ng'ombe hata siku moja. Furaha alikuwa mdogo sana wakati ule, anakaa karibu naye kwenye majani, na sisi tulidhani anacheza tu.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Jua lilitoka. Bwana wa Dar alikuwa amegeukia simu yake. Nilisikia kwanza pumzi, fuu, nzito na ya maji, kama ng'ombe anapopuliza kwenye birika la kunyweshea. Nilidhani ni mtu.

"Furaha," mama yake akasema polepole, "ile iko nini?"

Walikuwa pembeni ya boti. Si wawili, ni kundi zima, wanapanda na kushuka bila haraka, ngozi yao iking'aa kama jiwe lililolowa. Mmoja aligeuka ubavu akatutazama kwa jicho moja, na jicho lile, ndugu zangu, halikuwa la samaki. Katikati yao alikuwa mtoto, mdogo, amebanana na ubavu wa mama yake kama ndama anayetafuta titi. Mzungu mzee alishusha kamera yake akaangalia kwa macho tu.

"Yule mwenye mtoto," Furaha akasema, bado bila kuelekeza kidole, "pezi lake limekatika ncha. Anaitwa Bihogo."

Nilimgeukia. Bihogo ni jina la ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa baba yangu, aliyevunjika ncha ya pembe, na samli iliyokuwa ndani ya kile kibuyu ilitoka kwa wajukuu wake.

Makame alidhani sijasikia. "Bihogo, mzee. Na yule mwenye alama usoni ni Kyasha. Yule mkubwa wa nyuma ni Gaju. Haya majina ametuletea binti yako, maana yake hatuijui, lakini siku hizi kijiji kizima tunawaita hivyo. Hata watoto wetu. Mvuvi akirudi anaulizwa, Kyasha umemwona?"

Majina ya zizi letu. Baba yangu aliyaita jioni juu ya kilima kule Irumu, na sasa yanaitwa na wavuvi Waislamu mwisho wa bahari, watu wasiojua hata Bunia iko upande gani. Nilishindwa kukaa wala kusimama. Nilimshukuru Mungu kimya kimya, na safari hii sikufumba macho.

Pomboo walipoondoka walikwenda kwa hiari yao. Bwana wa Dar alimwomba Furaha msamaha, akasema alikuwa na haraka, akamuuliza amejifunza wapi.

"Kwa babu yangu," alijibu. "Alikuwa na ng'ombe."

Kisha yule bwana akanigeukia mimi, akasema bila shaka ninajivunia binti kama huyu. Mnajua desturi yetu: mzazi hasifu mtoto wake mbele ya watu. Nilimjibu, "Ni mutoto tu. Angali anajifunza." Alinitazama kama mtu mwenye moyo wa jiwe. Lakini Furaha aliinamisha kichwa akatabasamu, maana anajua sifa zetu zinapoishia ni hapo.

Ufukweni

Nilikuwa nawaza namna ya kukirudia kibuyu nyumbani kwake. Tulipokanyaga mchanga, Mama Furaha aliweka kikapu chake chini, akatoa kibuyu, akakisimamisha mbele yangu, kisha akatazama pembeni. Kumbe alikibeba tangu alfajiri kikapuni, chini ya kitenge chake. Yeye alikuwa ameshaamua kabla ya boti kuondoka.

Nilivunja nta kwa kidole gumba. Joto la nchi ile lilikuwa limeiyeyusha samli, ikawa nyepesi kama mafuta ya taa ya hekalu. Furaha alinyoosha mikono. Ilikuwa na chumvi ya bahari mpaka kwenye viwiko, na samli ilipopita juu yake niliisikia chumvi ile chini ya vidole vyangu.

"Ukoo umekuona," nilimwambia. "Kaa."

Maneno ya desturi ni mengi zaidi, lakini niliishia hapo. Alipiga magoti kwenye mchanga, na mama yake akampaka iliyobaki usoni, jambo ambalo halimo katika desturi hata kidogo.

Makame alisubiri kwa adabu, kisha akauliza kama kesi imekwisha. Nilimwambia imekwisha. Basi tulikwenda kwake, mkewe akaleta chapati, na samli ya Irumu ikaliwa na watu wa Kizimkazi mpaka kibuyu kikalia kikavu. Bwana wa Dar na mkewe walikula pia. Mzungu alinyoosha mkono kutaka kipande cha pili.

Kurudi Saio

Barabara ya kurudi ilikuwa ile ile, nayo ilikuwa fupi, kama kila barabara ya kurudi. Niseme tu kwamba mbele ya Singida mke wangu hakushuka na kisu.

Lakini kuna jambo lilifanyika Kizimkazi bila mimi kufikiri. Mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Furaha, mtoto aliyelelewa vema, alikijaza kibuyu chumvi ya bahari kwa ajili ya ng'ombe wa baba yake mkubwa, na mama yake akakiziba kwa nta ili unyevu usiingie njiani. Niliwaona wakifanya hivyo, nikasema asante. Sisi watatu, wote watoto wa desturi, hakuna aliyekumbuka.

Tulifika kwa Yosefu jioni. Alikuwa ameketi na wazee wawili wa ukoo. Nilikiweka kibuyu juu ya meza kama nilivyoagizwa, nikakaa, bila neno, nikiwa nimejaa fahari mpaka kooni. Yosefu alikiinua. Kilikuwa kizito. Aligusa nta. Ilikuwa nzima.

Nilitegemea kaka yangu angefurahi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongea na prefe. Badala yake uso wake ulianguka. Alikirudisha mezani taratibu sana.

"Basi," akasema. "Kesho nitaenda kuona prefe." Kisha akaongeza, "Nilikuwa naomba kila siku kirudi kitupu."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza, akijifunika kwa kitenge.

"Shemeji," akasema, "fungua kwanza, ndipo ulie."

Yosefu alivunja nta, akainamisha kibuyu, na chumvi nyeupe, nene, ikamwagika mezani. Aliweka chembe moja ulimini. Nilimweleza yote, boti, ukimya, mgongo wa baba yetu, na majina. Wazee wawili walirudia kila jina baada yangu. Mimi bado sijamsifu Furaha mbele ya mtu yeyote, kama inavyotakiwa. Haya nimeyaandika tu.

Asubuhi tulikwenda wote malishoni. Yosefu hakumkimbilia ng'ombe. Alikaa chini kwenye majani, akaweka chumvi kwenye kiganja, akatazama pembeni, mpaka yule mwekundu mzee, mjukuu wa Bihogo, akaja mwenyewe na kuanza kulamba bahari mkononi mwake.

"Kula, mama," kaka yangu akamwambia. "Iko ya kwako. Uko na ndugu katika maji, na mutoto wetu ndiye anamuchunga."